Tani za kwenye kibao ni zipi? Alama za uzito na upana barabara za Ujerumani

Dereva aliyezoea mizani ya Mariakani au Vigwaza anajua ekseli zitapimwa, na akizidi ataambiwa. Ujerumani, mbele ya daraja bovu kuna kibao tu, na uamuzi ni wako ukiwa bado una mahali pa kugeuzia. Kwa hiyo ukiona tani, jiulize: ni uzito nilionao sasa, au ule ulioandikwa kwenye kadi ya gari?

Duara jeupe lenye ukingo mwekundu na maandishi 5,5 t pekee (koma yao ndiyo nukta yetu) linasema uzito halisi, gari pamoja na mzigo. Lori lililosajiliwa kwa tani 12 lakini kwa sasa lina tani 8.4 linapita kwenye kibao cha 9 t bila kosa. Duara likiwa na picha ya lori, hesabu inabadilika: linazuia malori yenye uzito wa juu ulioruhusiwa unaozidi tani 3.5, au kiwango kingine kikiandikwa kwenye kibao kidogo chini yake. Hapo hata ukiwa mtupu umezuiwa. Uzito huo ulioruhusiwa uko kwenye kadi ya gari ya Ujerumani, mstari wa F.2. Mstari wa G ni uzito wa gari bila mzigo, usiuchanganye nao.

Wenye semi ndio hukosea zaidi. Kwa alama ya uzito halisi, kichwa kinahesabiwa pamoja na uzito wa tela unaokilalia, na ekseli za tela zinahesabiwa kando. Kwa hiyo usichukue tani 40 nzima kuzilinganisha na kibao, wala usihesabu kichwa kana kwamba hakijabeba kitu. Alama yenye mchoro wa ekseli na magurudumu yake ni ya ekseli moja moja. Hapa pana mtego: ukishusha mzigo wa nyuma kwanza, uliobaki mbele unaweza kuzidisha ekseli ya kichwa inayosukuma gari, ingawa jumla imepungua. Sogeza mzigo kabla hujaondoka.

Upana nao una lake. Mishale miwili inayotazamana kutoka pembeni inataja upana halisi, na kwa sheria ya Ujerumani vioo vya pembeni vimo. Mstari wa 19 wa kadi husema milimita 2,550, lakini vioo havimo kwenye kipimo hicho. Ukiviongeza unakaribia mita 3. Kwenye matengenezo ya barabara kuu, njia ya kushoto mara nyingi ina kikomo cha mita 2 au 2.1, na hata magari madogo mengi hayaruhusiwi humo. Ukivuka kwenda Uingereza, mambo ni tofauti: vioo havihesabiwi kisheria, ingawa nguzo zitavigonga, na vipimo vimo kwa futi na inchi. Kule 6'6" ni takriban mita 1.98.

Chini ya picha ya lori, maneno Lieferverkehr frei yanaruhusu wanaopeleka au kuchukua mizigo humo. Anlieger frei ni kwa mwenye shughuli kwenye barabara hiyo. Kukatiza tu hakuruhusiwi.

Daraja la Leverkusen, kwenye barabara kuu ya A1 ya Ujerumani, lilifungiwa magari ya zaidi ya tani 3.5 mwaka 2014. Malori yaliendelea kupita hadi mwaka 2016 vikawekwa vizuizi vilivyokuwa vikifunga njia nzima kila lori lilipoingia. Waliokuwa nyuma wote walisubiri.