Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa ubora kiwandani Ohio

Saa kumi alfajiri alamu inalia. Naoga, napasha ugali na sombe ya jana kwa ajili ya mchana, nawaacha watoto wamelala na baba yao. Leo nimebeba kitu kimoja cha ziada: barua ya mahakama ya kaunti, imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa jaketi. Nimeitwa kwenye juri.

Kwa wasiojua, huku Marekani baadhi ya kesi zinaamuliwa na wananchi wa kawaida. Hapa Ohio juri ya kesi kubwa ya jinai ina watu 12, na ya kesi ndogo watu wanane. Wanasikiliza ushahidi, kisha wanajifungia chumbani na kuamua kama mtu ana hatia. Lazima uwe raia. Nilipokuwa najiandaa na mtihani wa uraia kulikuwa na swali linalouliza jukumu moja ambalo ni la raia peke yake, na jibu mojawapo ni kuhudumu kwenye juri. Nililikariri jikoni huku nakoroga uji. Mimi niliyekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, ambako hata kwenda soko la Kasulu ilibidi uwe na kibali, sikudhani hilo jibu litanijia nyumbani kwa posta.

Saa kumi na mbili kamili nimepiga kadi. Simu inabaki kwenye kabati, ndiyo kanuni, na haitoki mpaka mapumziko. Kiwanda chetu kinatengeneza vyuma vya kushikilia viti vya magari. Roboti zinachomelea, sisi wakaguzi tunapima. Kipande cha kwanza cha shifti nakipima chote, na kisipokuwa sawa mashine haianzi. Baada ya hapo, kila saa mbili natoa vipande vitano kwa kila roboti. Kipimo cha tundu kina ncha mbili: ya kijani lazima iingie, nyekundu isiingie kabisa. Ikiingia nyekundu, tundu ni kubwa mno na bolti itacheza. Saa mbili asubuhi vyote vilikuwa safi.

Saa tatu, mapumziko ya dakika kumi na tano. Fomu ya mahakama inajazwa kwenye intaneti na leo ndiyo siku ya mwisho. Kwenye simu yangu ukurasa umegoma tangu jana. Kompyuta ya meza ya ukaguzi ilikuwa wazi mbele yangu, nikafungua hapo. Najua kompyuta ile ni ya kuandikia vipimo tu. Nilikosea, nakubali. Nimefika nusu ya fomu, msimamizi wa uzalishaji kasimama nyuma yangu.

Nikamwonyesha barua. Hakuisoma. Akasema mtandao wa kampuni si wa mambo binafsi na ataniandikia onyo. Halafu akauliza kama siwezi kuiomba mahakama inisamehe, maana wakaguzi ni wachache. Nikafunga ukurasa. Sheria ya Ohio inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu ya juri, ilimradi umetoa taarifa mapema, na hawezi kukulazimisha utumie siku zako za likizo. Malipo ya mahakama kwa siku za mwanzo hayazidi dola 40 kwa siku, kwa hiyo wanaodhani tunakimbilia pesa wakae na hesabu hiyo.

Saa nne nikachukua vipande vyangu vitano kutoka roboti ya pili. Cha tatu kilinisimamisha. Mstari wa weldi ulikuwa na vitundu vidogo, kama uso wa kitumbua kabla hujakigeuza. Nikawasha tochi, nikapitisha kucha juu yake, ikakwama. Nikakata kipande, nikakitazama kwa ndani: vitundu vilikuwa vimeshuka mpaka chini. Kwa macho ya haraka ungekipitisha. Lakini chuma hiki ndicho kinachoshika kiti wakati gari limegonga, na mimi watoto wangu hukaa kwenye viti kama hivyo.

Nikasimamisha roboti na kubandika karatasi nyekundu kwenye kila kasha lililojaa tangu saa mbili. Makasha sita, kila moja vipande 52. Jumla 312, na lori la mteja linaondoka saa saba mchana.

Msimamizi akaja mbio. Hapa ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu na watu hawaioni. Mteja hana ghala, anategemea mzigo ufike na kufungwa kwenye gari siku ileile. Laini yake ikisimama, gharama inarudi kwetu. Kwa hiyo anayechelewesha lori anaonekana adui, na siku hiyo adui ni mimi. Akageuza kile kipande mkononi, akasema jana vimepita vibaya kuliko hiki. Nikamwambia vya jana sikuvikagua mimi. Akasema tupakie, mteja akilalamika tutachambua huko kwake. Nikamwambia karatasi nyekundu inatolewa na mkaguzi aliyeibandika au mkuu wa ubora, si mwingine. Ndipo akasema lile neno lililonichoma: muda wa intaneti unao, muda wa lori letu huna.

Sikumjibu. Kiingereza changu kikishikwa na hasira kinapotea, na sikutaka kipotee mbele yake.

Mkuu wa ubora alipofika akatazama kwa kioo cha kukuzia, akasema: kagueni vyote. Kijana mmoja wa Bukavu aliyekuwa akifunga makasha akaja bila kuitwa. "Mama, nipe tochi nyingine, mimi naanza na haya matatu." Tukainama. Unanyanyua, unageuza, unamulika, kucha, unaweka kulia au kushoto. Kila kipande karibu kilo moja na nusu. Baada ya mia moja shingo inawaka, baada ya mia mbili macho yanaanza kuona vitundu hata mahali visipokuwepo, na hapo inabidi ufumbe macho kidogo ndipo uendelee. Chakula cha mchana sikukila. Sijui hata king'ora chake kililia saa ngapi.

Fundi ndiye aliyepata chanzo. Joto la Julai lilikuwa limemzidi mtu, akasogeza feni karibu na roboti. Upepo wa feni ukawa unapeperusha gesi inayofunika moto wa weldi, hewa ikaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, ikaacha vitundu. Feni tu. Hakukuwa na mtu mbaya.

Vibovu vilikuwa 41. Lori liliondoka limechelewa, na vizuri 271. Kabla ya kutoka niliitwa ofisi ya wafanyakazi, nikasaini onyo la kutumia kompyuta, na palepale nikawakabidhi nakala ya barua ya mahakama, nikaomba wanigongee muhuri wa kupokea. Kuhusu yale makasha hakuna aliyesema neno. Sikutegemea asante, ila nilikaa kidogo kwenye gari kabla ya kuliwasha.

Usiku, sombe yangu nimeila imeshapoa, binti yangu akafungua fomu kwenye simu yake ikakubali mara moja. Umri. Anwani. Je, wewe ni raia wa Marekani? Akanitazama kabla ya kubonyeza ndiyo.

"Mama, hapa wanauliza kazi."

Mikono yangu ilikuwa bado inanuka mafuta ya chuma. Nikamwambia aniachie simu, hiyo naiandika mwenyewe.