Enameli Juu ya Udongo wa Fedha: Nilivyoifanya Ikakubali na Ninavyoifundisha

Wanaoanza kazi hii huambiwa kwamba udongo wa fedha ukishachomwa huwa fedha kama nyingine yoyote, na kwamba enameli, yaani unga wa kioo cha rangi unaoyeyushwa juu ya madini, itakaa juu yake bila tatizo. Kauli hiyo imewapotezea watu mali na moyo wa kuendelea, na mimi niliambiwa hivyo hivyo na mtu niliyemlipa anifundishe. Leo ninafundisha darasa la jioni mjini Birmingham, Uingereza, mji wenye mtaa mzima wa masonara, na vidani vinavyotoka kwenye tanuri letu vina rangi safi isiyo na kiputo hata kimoja. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wanaoniuliza zaidi ni ndugu zetu wa Mombasa, nilikokulia, wa Zanzibar na wa Muscat, ambao wameagiza pakiti yao ya kwanza na hawana wa kumwendea.

Udongo huu si udongo wa ardhini. Ni unga laini mno wa fedha safi uliochanganywa na maji na gundi ya asili ya mimea, ukatoka kitu kinachokandika na kufinyangwa kwa vidole. Uliundwa Japani na kampuni ya Mitsubishi Materials mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukiuchoma, maji na gundi huondoka, chembe za fedha hushikana, na pambo husinyaa. Aina za kwanza zilisinyaa kwa karibu asilimia 30, lakini nyingi zinazouzwa siku hizi husinyaa kwa asilimia 10 hivi. Anayetengeneza pete azingatie hilo kabla ya kupima kidole cha mtu.

Mwalimu wangu wa kwanza alituchomesha vipande vyetu kwa bomba dogo la gesi, dakika chache tu, mpaka kipande kikawaka wekundu hafifu unaoelekea rangi ya chungwa. Kwa pambo la fedha tupu njia hiyo inatosha kabisa. Kisha akatugawia enameli ya buluu tujaze vishimo vya mchoro tulivyoacha kwenye kipande na kutia tanurini. Kidani changu kilitoka na vidoa vya kijivu katikati ya buluu, na juu yake vitundu vilivyopasuka. Nikaambiwa enameli ni mbovu, ninunue ya kampuni nyingine. Nikanunua, na mapovu yakarudi pale pale. Nikaambiwa moto ulikuwa mdogo, niongeze. Nilipoongeza, mapovu yakawa makubwa zaidi. Nikaambiwa nisage uso wa kioo kwa jiwe na kuchoma upya. Nikasaga mpaka mapovu yote yakafunguka, nikajaza unga, nikachoma, na mapovu mapya yakapanda kutoka chini kana kwamba hakuna lililofanyika.

Hapo niliacha kuuliza. Nilichukua msumeno mwembamba wa sonara, nikakikata kidani katikati, nikausawazisha ukingo wa mkato kwa msasa laini chini ya maji, kisha nikautazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Jibu lote lilikuwa pale. Fedha haikuwa imara ndani. Ilijaa vitundu vidogo vilivyoungana, na kwenye kila mahali palipokuwa na kiputo kwenye kioo, chini yake palikuwa na kitundu kilichofunguka kwenye uso wa fedha. Dakika chache za bomba zilikuwa zimezishikanisha chembe kwenye ncha zake tu. Hewa, unyevu na sabuni niliyooshea vilikaa humo ndani, na fedha ilipofika nyuzi 800 chini ya kioo kilichoyeyuka, vyote vilitanuka na kutafuta njia ya kutokea. Njia pekee ilikuwa kupitia kwenye enameli. Enameli niliyokwisha kuitupa haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kanuni yangu, ambayo wanafunzi wangu huisikia kabla hata hawajafungua pakiti, ni kwamba fedha lazima ikamilishwe na moto kwanza, ndipo kioo kiwekwe. Kipande kitakachotiwa enameli ninakichoma tanurini kwa nyuzi 900 za Selsiasi kwa saa mbili kamili, hata kama karatasi ya pakiti inasema nusu saa ya moto mdogo inatosha. Inatosha kwa pambo tupu, si kwa kazi hii. Ila ijulikane kwamba fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 961, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo. Kipimajoto cha tanuri kikidanganya kwa zaidi ya nyuzi sitini, mtu atafungua mlango na kukuta kitone kinachong'aa badala ya kidani. Tanuri jipya nililijaribu kwa mabaki ya udongo kabla ya kuliamini.

Baada ya kuchoma, ninasugua sakafu na kuta za kila kishimo kwa kifimbo cha chuma kilichong'arishwa, nikikandamiza kwa nguvu ili vitundu vilivyobaki juu vifunge. Hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka kwa sababu mikono inachoka na macho hayaoni tofauti. Kisha, na hili sikufundishwa na mtu, ninakirudisha kipande tanurini kikiwa kitupu, kwenye joto lile lile nitakalochomea enameli, kwa muda mfupi, ili chochote kilichojificha ndani kitoke kabla hakijafunikwa. Mwisho ninakisugua kwa brashi ya nyuzi za kioo chini ya bomba la maji. Maji yakitandaa juu ya fedha kama utando mmoja, uso ni safi. Yakijikusanya matone, kuna mafuta ya vidole, na kazi ya kusugua inaanza upya. Tangu hapo kipande hushikwa kwa kibano au kwa kingo zake tu.

Katika kufinyanga nitasema mawili tu, kwa kuwa mengine mkono wenyewe huyajua. Unene hupimwa kwa karata za kawaida: sakafu ya kidani ninaisukuma kama chapati kati ya marundo mawili ya karata nne nne, na bamba la juu lenye matundu ya mchoro kati ya karata mbili mbili, halafu ninayagandisha kwa uji wa udongo ule ule. Vishimo vinavyopatikana hivyo vina kina cha kutosha enameli bila kuwa shimo refu. Sakafu ninaichapa nakshi kabla ya kuunganisha, maana enameli angavu hupitisha nuru mpaka chini, na nakshi hiyo ndiyo inayocheza kidani kinapogeuzwa. La pili ni kukauka. Kipande kinachoonekana kikavu mara nyingi si kikavu. Kipashe joto kidogo, kiweke juu ya kioo cha kujitazamia, uhesabu kidogo, ukiinue. Ukiona ukungu umebaki kwenye kioo, bado kina maji, na maji hayo yatakipasua tanurini.

Enameli yenyewe ni kioo kilichosagwa kikatiwa rangi kwa oksidi za madini. Ukitaka rangi angavu iliyo safi, unga lazima uoshwe. Ninauweka kwenye kikombe kidogo, ninamimina maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri na pasi, ninakoroga, ninasubiri chembe nzito zitue, kisha ninamwaga maji meupe yaliyobeba vumbi laini mno. Narudia mpaka maji yabaki angavu. Vumbi hilo ndilo linalofanya buluu ionekane kama imechanganywa na maziwa. Wanafunzi hunung'unika hapa kuliko penginepo, kwa hiyo nilibuni jambo: kila mmoja huchoma kwanza vijibamba viwili vidogo vya fedha, kimoja kwa unga uliooshwa na kingine kwa unga ambao haukuoshwa, kisha huvipeleka dirishani. Baada ya hapo hakuna anayeuliza kwa nini tunaosha. Unga mkavu usichezewe bila barakoa, na anayenunua enameli za zamani ajue kwamba nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Darasani kwangu tunatumia zisizo na risasi peke yake.

Unga uliolowa hujazwa kwa ncha ya brashi, tabaka jembamba, kipande kinagongwa taratibu kwenye ukingo wake ili chembe zijipange, na maji yananyonywa kwa pembe ya kitambaa cha karatasi. Kisha kikaushwe kabisa juu ya tanuri, kwani maji yakichemka ghafla yatairusha enameli ukutani. Ninachoma kwenye nyuzi 800 hivi, na sihesabu dakika, naangalia. Kwanza unga huonekana kama sukari, kisha uso hujikunja kama ganda la chungwa, kisha hutulia ukang'aa. Hapo ndipo pa kutoa. Matabaka matatu au manne membamba ni bora kuliko moja nene, na baada ya la mwisho ninasawazisha kwa jiwe la kusagia chini ya maji na kurudisha motoni mara moja ili mng'ao urudi.

Rangi ndizo zilizonifundisha subira. Buluu, kijani na zambarau hupendana na fedha. Nyekundu na waridi angavu, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa dhahabu, huchafuka zikigusana na fedha moja kwa moja, zikawa za njano au hudhurungi. Mwanafunzi wangu mmoja, bibi mzaliwa wa Zanzibar aliyestaafu uuguzi, alikuwa amechapa mbegu za komamanga kwenye kidani alichokusudia kumpa dada yake. Rangi ilipotoka ya kutu alikiweka mezani, akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka komamanga, hili ni tunda lililooza." Nikamwambia, "Bibi, niachie wiki moja tu."

Suluhisho ni la kale, lakini kulifanya ndani ya vishimo vidogo vile ni kazi ninayojivunia. Tulisaga rangi ile yote ikatoka, tukachoma tabaka la enameli isiyo na rangi juu ya fedha. Kisha tukachukua karatasi nyembamba ya dhahabu, ile nzito kidogo inayouzwa kwa ajili ya enameli na si ile ya kupamba keki, tukaitoboa kwa sindano vitundu visivyoonekana ili hewa isinaswe chini yake, na kuikata ikiwa katikati ya karatasi mbili za kawaida, kwa kuwa mkasi ukiishika peke yake huikunja. Kila mbegu ikapata kipande chake. Nilivihamisha kwa brashi iliyoloweshwa maji, nikavilaza, nikachoma mpaka enameli ya chini ikavishika, nikavikandamiza taratibu kwa kifimbo mara tu kidani kilipotoka, kisha tukajaza nyekundu juu ya dhahabu, mbali na fedha. Ilipopoa ilikuwa nyekundu yenye moto ndani yake, na nakshi ya kila mbegu ikiwa bado inaonekana kupitia dhahabu. Dhahabu yote iliyotumika iligharimu pauni chache tu. Bibi yule sasa ndiye anayewafundisha wageni kukata karatasi hiyo, na mkono wake ni mtulivu kuliko wangu.

Kuhusu upande wa nyuma, wapo wanaoshikilia kwamba lazima nao utiwe enameli kila mara. Fedha hutanuka na kusinyaa zaidi ya kioo, kwa hiyo bamba jembamba lililofunikwa upande mmoja hupinda na kioo kikapasuka. Hilo litiwe nyuma. Kipande kinene chenye vishimo vidogo hakihitaji, na nimeacha kupoteza enameli kwa sababu hiyo.

Anayetaka kuuza hapa Uingereza akumbuke mhuri. Pambo la fedha lenye uzito wa zaidi ya gramu 7.78 haliruhusiwi kuuzwa kwa jina la fedha bila kupimwa na kugongwa mhuri, na ofisi ya Birmingham inafanya kazi hiyo tangu 1773. Udongo huu hupata alama ya 999, yaani sehemu 999 za fedha katika kila elfu, juu ya ile ya 925 iliyozoeleka madukani, jambo linalowafurahisha sana wanafunzi wangu. Vipande vyetu huvipeleka kabla ya enameli, kwa maana nyundo ya mhuri na kioo havipatani.

Darasa nimeligawa vipindi viwili vyenye wiki moja katikati. Kipindi cha kwanza ni kufinyanga, na vipande hubaki kwangu nivichome kwa saa zake mbili bila haraka. Cha pili ni enameli. Walioniambia nivibane katika siku moja ili nivutie watu wengi zaidi walikuwa wakiniomba nirudie yale niliyofanyiwa mimi. Bei ya udongo hufuata bei ya fedha sokoni, na kwa sasa pakiti ndogo inauma, kwa hiyo kila mwanafunzi hupewa udongo wa kidani kimoja kisichozidi ukubwa wa sarafu.

Wasio na tanuri huniuliza kama la mfinyanzi wa vyungu litafaa. Kwa ule uchomaji wa kwanza litafaa, mradi joto lake linadhibitiwa sawasawa. Kwa enameli halitafaa, kwa sababu ni lazima uingize na kutoa kipande likiwa bado lina moto. Badala yake kiweke kidani juu ya wavu wa chuma, upashe moto wa bomba kutoka chini peke yake, usiuguse uso wa kioo, na uanze na buluu.