Jinsi nilivyoutoa ugwe mgongo wa mbuzi ukiwa mzima

Swali lilitoka kwa binti wa kidato cha tatu anayekaa karibu na dirisha. "Mwalimu, uti wa mgongo si mfupa? Sasa mfupa unapelekaje taarifa kwenye ubongo?"

Ubaoni nilikuwa nimeshachora duara lenye umbo la kipepeo katikati, mishale ikiingia na kutoka. Nikatambua kwamba siku zote hizo nilikuwa nikitaja uti, nao wakiona mifupa. Kosa halikuwa lao. Katika maongezi ya kila siku tunaita uti wa mgongo vitu viwili: safu ya pingili, na ile kamba laini inayopita ndani yake. Hata homa ya uti wa mgongo tunaiita hivyo, ilhali ni ugonjwa wa utando unaofunika ubongo na kamba hiyo. Tangu siku ile darasani kwangu mfupa ni uti, kamba ni ugwe mgongo, na anayechanganya anasahihishwa na wenzake.

Jina peke yake lisingetosha. Nilitaka waushike.

Nafundisha masomo ya ziada Buguruni, kwa hiyo kupata mgongo wa mbuzi hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuupata mzima. Mara ya kwanza nilinunua buchani, muuzaji akaukata kwa panga juu ya gogo kama anavyomkatia kila mteja wa supu. Nilipofika nyumbani kila kipande kilikuwa na tundu, na ndani ya tundu kitu cheupe kilichopondeka kama dawa ya meno. Mara ya pili niliukata mwenyewe kwa panga, nikaupasua ugwe katikati.

Ndipo nikadamka kwenda Vingunguti machinjioni. Nikamwamkia mzee mmoja mchinjaji, nikamweleza shida yangu.

"Ile nyeupe ya ndani?" akasema. "Sisi tumefundishwa kisu kisifike huko mpaka roho itoke kwanza. Unakata koo na mishipa, unasimama." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza yeye: "Hebu niambie mwanangu. Kichwa kimeshatoka, mbona mguu bado unapiga teke?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo kuhusu ugwe mgongo. Nilimjibu kwamba ugwe si waya wa kupitisha amri za ubongo tu. Una seli zake za neva, na seli hizo zinaweza kuamuru misuli zenyewe. Ubongo ukiondoka, zile za kwenye ugwe hazifi papo hapo, na kwa dakika chache zinaendelea kutuma amri ambazo hakuna tena wa kuzizuia. Kuku aliyechinjwa anayekimbia uani ni habari hiyohiyo. Mnyama hasikii chochote tena, ila ugwe bado unafanya kazi. Mzee alitikisa kichwa, akaniwekea mgongo mzima tangu shingoni hadi mkiani.

Mara hii panga sikuligusa. Nilitoa nyama yote kwa kisu kidogo, nikavaa glavu, nikachukua msumeno wa chuma. Kila pingili ina kitako kizito chini, na juu yake tao la mfupa linalofunika tundu kama paa. Nilikata paa hilo kushoto na kulia, polepole, nikisimama kila nilipohisi mfupa unalegea, kisha nikaliinua kwa koleo. Anza kiunoni, ambako mapaa ni mapana. Shingoni mifupa imebanana, na ukianza huko utakata tamaa mapema. Nilikaa uani tangu alasiri hadi giza likaingia.

Chini ya paa la kwanza niliona mafuta, nikadhani nimekosea. Kumbe mafuta hayo ni kama godoro kati ya mfupa na ugwe. Chini yake kuna utando mgumu ambao huwezi kuuchana kwa kidole, na ndani ya huo tando mbili nyembamba, katikati yao maji. Ugwe wenyewe umelala humo, na kila upande, kati ya pingili na pingili, inatoka mizizi ya neva. Kwa mbuzi ugwe hauna unene mmoja: unavimba penye neva za miguu ya mbele, unavimba tena penye za miguu ya nyuma. Nilipopitisha kidole juu yake na kuhisi vile vimbe viwili nilimwita jirani aje aone. Mwishoni unachongoka, na mizizi inayobaki inateremka pamoja kama mkia wa farasi.

Ukiwa mbichi haukatiki vizuri, unapondeka. Mwenzangu anayefundisha shule yenye maabara alinisaidia formalini, dawa ya kuhifadhi na kukaza viungo, tukaulaza humo siku kadhaa, madirisha wazi kwa sababu harufu yake inaumiza macho. Ukatoka mgumu kidogo, kama jibini.

Jumamosi niliupeleka darasani na wembe mpya. Kila kundi lilikata kipande kimoja chembamba na kukiangalia kwa lenzi ya mkononi. Kipepeo alikuwepo! Sehemu ya kijivu katikati, yenye seli, na nyeupe pembeni, yenye nyuzi ndefu zinazopanda na kushuka. Kijana mmoja akasema kwenye ubongo kitabu kinaonyesha kijivu kipo nje. Ni kweli, kwenye ugwe mpangilio umegeuka.

Muda mrefu tuliutumia kwenye mizizi. Kila neva ina mizizi miwili: wa upande wa mgongoni wenye kivimbe kidogo, na wa upande wa tumboni usio nacho. Niliwaeleza habari ya Magendie, Mfaransa aliyekata mizizi hiyo kwa watoto wa mbwa mwaka 1822. Alipokata ya mgongoni, mnyama hakuhisi tena sehemu ile. Alipokata ya tumboni, haikuweza kusogea. Ni jaribio lililoniumiza kulisoma, na sikulificha hilo kwao. Lakini ule mchoro wa mtu anayekanyaga mwiba na kuinua mguu kabla hajahisi maumivu sasa ulikuwa na njia wanayoweza kuifuata kwa sindano: taarifa inaingia kwa mzizi wenye kivimbe, inavuka kijivu, amri inatoka kwa ule mwingine, na ubongo unapata habari baadaye.

Wakahesabu pia. Mifupa ya shingo ni saba, kama ya binadamu na ya twiga, lakini neva za shingo ni jozi nane. Walibishana kwa dakika kumi mpaka wakaona kwamba jozi ya kwanza hupita juu ya mfupa wa kwanza na ya nane chini ya ule wa saba.

Jumatatu binti wa dirishani alikuja na kikopo. Mama yake alikuwa akiandaa kuku, naye akaomba shingo kabla haijaingia sufuriani, akavunja mifupa mmoja mmoja kwa vidole.

"Wa kuku pia una mizizi, mwalimu," akasema. "Nimehesabu upande mmoja mpaka tisa, halafu ukakatika."