Jedwali jipya la msimu na karani wa Masasi

Msimu wa korosho ukifunguliwa, Oktoba, simu yangu hapa Mtwara mjini hailali. Mwaka jana aliyenipigia alfajiri ni karani mmoja mtu mzima wa ghala la Masasi. Hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Mwanangu, mashine imenikatalia tena." Korosho zimeshapimwa, magunia yamepangwa, wakulima wako nje, naye haoni hata kilo moja ya mapokezi.

Hifadhidata yetu ni PostgreSQL, na kila msimu una jedwali lake. GRANT, amri ya kutoa ruhusa, ikiandikwa ON ALL TABLES hugusa majedwali yaliyopo saa ile tu. Litakaloundwa kesho halimo. Hilo nililijua. Kilichoniuma ni kwamba Agosti nilikuwa nimeshatoa ALTER DEFAULT PRIVILEGES, amri iliyopo tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010, ambayo kazi yake ni kupanga ruhusa za vitu ambavyo bado havijaundwa.

Nikaandika \ddp, amri ya kuonyesha ruhusa hizo zilizopangwa. Safu ya mmiliki ikasema: postgres. Niliitoa amri nikiwa nimeingia kwa akaunti hiyo, kumbe majedwali ya msimu huundwa na akaunti ya programu, iitwayo mfumo. Ruhusa hizi humfuata anayeunda jedwali! Nikarekebisha:

ALTER DEFAULT PRIVILEGES FOR ROLE mfumo IN SCHEMA public GRANT SELECT ON TABLES TO makarani;

SELECT ni ruhusa ya kusoma, na makarani ni kundi la akaunti zao.

Amri hii hairudi nyuma, kwa hiyo jedwali lililokwisha kuundwa nililipa GRANT yake peke yake. Wanaoandika mapokezi nao wanahitaji INSERT, ruhusa ya kuingiza, pamoja na USAGE, ruhusa ya kutumia sikwensi, yaani kihesabio cha namba zinazofuatana, maana namba zetu za risiti hutoka huko. Sikwensi zina mstari wake wa amri, tofauti na huu wa majedwali.

Mwenzangu alinishauri makarani wote wapewe akaunti ya mfumo, yaishe. Nilikataa, na bado nakataa. Mwenye akaunti hiyo anaweza kubadili kilo za mkulima wa Newala ambaye ushahidi wake wote ni kikaratasi alichokikunja mfukoni.

Nikaunda jedwali la majaribio kwa akaunti ya mfumo, nikaingia kama karani, likasomeka, nikalifuta. Ndipo nikapiga Masasi.

"Zinaonekana," akasema mzee, akaanza kunisomea kilo, mkulima mmoja baada ya mwingine.