Dakika 215 za mzee mmoja

Nikipiga simu Mombasa, shangazi zangu bado huniuliza kama kweli huku Melbourne, Australia, watoto huwatupa wazazi wao kwenye makao ya wazee. Mimi ni mhudumu katika makao hayo, na jibu langu ni hapana. Wengi wanaokuja kwetu wamekaa majumbani mwao mpaka nyumba ikawashinda. Serikali huchangia gharama za mtu wa kuja kumwogesha mzee, kumfulia, kumpikia na kumpeleka hospitali. Tangu 1 Novemba 2025 huduma hizo ziko chini ya sheria mpya ya wazee.

Ndiyo maana anayeletwa siku hizi huwa hoi. Ameanguka akavunjika nyonga, au ameanza kutoka usiku hajui aendako. Wenzangu wa zamani wanakumbuka wazee waliokuja wakiendesha magari yao wenyewe. Sasa zaidi ya nusu ya wakazi wa makao ya Australia wana dimenshia, yaani akili na kumbukumbu zinawapotea.

Chukua kuoga tu. Tunaye bibi Mtaliano aliyekuja kwa meli akiwa msichana. Kiingereza chote kimemtoka, amebaki na Kitaliano cha utotoni. Ukimfungulia maji ghafla anapiga ukelele na kukukwaruza, maana hakujui na yuko uchi. Kwa hiyo nampashia taulo moto, namfunika mabega, nasema "acqua", yaani maji, nampa kitambaa akishike mwenyewe. Naanza miguuni. Nywele ni mwisho kabisa, au kesho. Akitulia huimba. Ukimharakisha, siku yake nzima imeharibika, hata chakula hali.

Hapo ndipo hesabu inapobana. Tangu Oktoba 2024 makao yanatakiwa kumpa kila mkazi, kwa wastani, dakika 215 za huduma kwa siku, 44 kati yake za muuguzi aliyesajiliwa. Nashukuru kwamba kiwango kipo. Kilitokana na tume ya uchunguzi ya 2018 hadi 2021, iliyosikia habari za wazee wenye njaa na vidonda vya kulalia. Lakini ndani ya dakika hizo mna kulishwa, kugeuzwa, kubadilishwa nepi na kupelekwa msalani, usiku na mchana. Na waliozaliwa 1946, mara tu baada ya vita, wanatimiza miaka 80 mwaka 2026. Nyuma yao kuna umati.

Nani atawahudumia? Kwenye zamu yangu tuko Wanepali, Wafilipino, Wahindi na sisi Wakenya. Nyongeza ya mshahara ya asilimia 15 ya mwaka 2023 ilitusaidia sana.

Mamangu mwenyewe, huko Likoni, analelewa na msichana niliyemwajiri. Ni mpole, ana subira, ila hakuna aliyewahi kumfundisha kumgeuza mtu kitandani. Namwelekeza kwa video ya simu. Kenya ina Inua Jamii, mpango wa serikali wa kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofikisha miaka 70, na tangu 2023 ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaopita nyumba hadi nyumba. Naomba wafundishwe kazi hii: namna ya kumwinua mzee bila kumvuta mikono, kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumkagua visigino na makalio kama ngozi imebadilika rangi, kisha wawaonyeshe wanaobaki naye nyumbani. Mlango wameshafunguliwa, wanaingia kupima presha.