Sindano kwa mwili, kroshia kwa ukingo: nilivyolimaliza sweta la mtoto lisijikunje

Sweta la mtoto wa miezi sita likifumwa kwa sindano mbili, pande zake za mbele, pale panapokaa vifungo, hujikunja kuelekea ndani mpaka vifungo havionekani. Pasi si dawa. Nililimaliza tatizo hilo kwa kuuacha mwili wa sweta uwe kazi ya sindano na ukingo uwe kazi ya kroshia. Ili ifanyike vizuri, lazima ujue kwanza kila chombo kinaufanyia nini uzi.

Kwa kawaida tunasema "kufuma" kwa kazi zote mbili, sweta na vile vitambaa vya makochi, na hapo ndipo mtu anapopotea. Kwenye sindano, vitanzi vyote vya mstari viko wazi kwa wakati mmoja: mgongo wa sweta hili ulikuwa na vitanzi 54, na kila kimoja kilishikiliwa na sindano tu. Kwenye kroshia, ile sindano moja yenye ndoano, kilicho wazi ni kitanzi kimoja, vingine vyote vimeshafungwa nyuma yako. Ndiyo maana kitambaa cha sindano kinavutika na kurudi, na cha kroshia kinashikilia umbo lake, ni kinene zaidi na kinakula uzi mwingi zaidi kwa eneo lilelile. Ukitaka kuvitambua kwa macho, angalia upande wa mbele: sindano huacha safu za herufi V zilizopandana, kroshia huacha mafundo na vinguzo vilivyosimama.

Nilitumia uzi wa unene wa kati, ule ulioandikwa DK kwenye karatasi yake, na sindano za milimita 4. Kabla ya yote nilifuma sampuli ya sentimita 12 kwa 12, nikapima sentimita 10 za katikati: vitanzi 22 kwa upana, mistari 28 kwa urefu. Usipime hadi pembezoni, kwa kuwa vitanzi vya mwisho hukaa vibaya. Vitanzi vyako vikitoka 24, mkono wako unakaza, panda sindano ya milimita 4.5. Vikitoka 20, shuka 3.5. Nunua uzi wote siku moja na uhakikishe namba ya fungu la rangi iliyochapwa kwenye karatasi ni ileile. Nyeupe mbili zilizopakwa rangi mafungu tofauti hufanana dukani, lakini juani zinaachana.

Mgongo: vitanzi 54. Kila upande wa mbele: 26. Mkono, kuanzia kwenye kifundo: 34. Namba hizi zote zinagawanyika kwa nne na kubakisha mbili, na ni makusudi, kwa sababu mistari 12 ya kwanza ni ya mbavu, ile michirizi inayovutika na kurudi: vitanzi viwili vya mbele (V inatokea upande unaokutazama), viwili vya nyuma (V inatokea upande wa pili), na mstari uanze na kuisha kwa viwili vya mbele ili mshono wa ubavuni ukutane sawasawa. Mbavu za vifundoni usizibadilishe kwa kroshia hata kama umechoka. Mkono wa mtoto unapitishwa ukiwa umekunja ngumi, na ukingo wa kroshia hautanuki vya kutosha.

Baada ya mbavu ni mstari mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, ili V zote zitokee upande mmoja. Hapa ndipo kujikunja kunapozaliwa. Uzi uliopindwa kuwa kitanzi unataka kunyooka, na vitanzi vyote vikiwa vimevutwa kutokea upande mmoja, hakuna kinachoizuia nguvu hiyo. Pembeni kitambaa hujikunja kwenda nyuma, juu na chini hujikunja kuja mbele. Mbavu hazijikunji kwa sababu pande mbili zinavutana na kutulizana.

Kitanzi kikichomoka, kinashuka mstari hadi mstari na kuacha ngazi ya nyuzi za kulala. Usifumue kazi. Geuza upande wa V ukutazame, ingiza kroshia kutoka mbele ndani ya kitanzi kilichoshuka, kamata ule uzi wa kulala ulio chini kabisa, uvute upite ndani ya kitanzi, kisha unaofuata, mpaka juu. Ukiruka uzi mmoja utaona V moja ndefu kuliko jirani zake. Unapokirudisha kitanzi kwenye sindano, mguu wake wa kulia uwe mbele ya sindano. Ukikaa nyuma, V itatoka miguu imepishana, na alama hiyo haiondoki kwa kufua. Kwa kroshia ajali hii haipo: ukiliacha lile kitanzi la mwisho, kazi inafumuka kutokea mwisho tu.

Sasa ukingo wenyewe. Upande wa mbele una urefu wa sentimita 25, yaani mistari 70. Kroshia ya milimita 3.5, fundo fupi: ichomeke kwenye ukingo, vuta uzi, vitanzi vikiwa viwili kwenye kroshia chukua uzi tena uupitishe ndani ya vyote viwili. Swali gumu ni mafundo mangapi. Fundo moja kwa kila mstari hutoa 70, na ukingo unatoka na mawimbi kama jani la sukuma wiki. Fundo moja kwa kila mistari miwili hutoa 35, na sweta linapanda mbele kama limevutwa kwa kamba. Uwiano uliokaa ni mafundo mawili kwa kila mistari mitatu: chomeka, chomeka, ruka. Ukimalizia na moja la pembeni unapata 47, na yanalala bapa. Chomeka ndani ya kitanzi kizima cha pembeni, miguu yake yote miwili. Ukishika uzi mmoja tu, utavutika na kuacha tundu.

Safu tatu zinatosha. Ya kwanza mafundo matupu. Ya pili, upande wa vifungo kuingia, ndiyo ya matundu: kuanzia chini mafundo 3, kisha mnyororo wa 2 (vitanzi viwili vinavyofuatana bila kuchomeka popote) ukiruka mafundo 2, mafundo 8, mnyororo wa 2, hivyo hivyo hadi matundu yawe 5, umalizie na mafundo 2. Hesabu inafunga 47 bila kubaki. Ya tatu, mafundo 2 ndani ya kila tundu. Kwenye kona ya shingo weka mafundo 3 mahali pamoja, la sivyo kona inakunjika.

Mkifuata maelekezo ya kigeni, angalieni yametoka wapi. Herufi dc (kifupi cha "double crochet") kwa Uingereza ni fundo fupi, kwa Marekani ni fundo refu zaidi, la kuzungusha uzi mara moja kwenye kroshia kabla ya kuchomeka. Ukiona sc ("single crochet", jina la Kimarekani la fundo fupi) mahali popote kwenye ukurasa, ni ya Marekani. Kuchanganya hapa kunatoa ukingo wenye upana karibu mara mbili.

Mwisho nililoweka sweta kwenye maji ya baridi, nikalikamua ndani ya taulo bila kulinyonga, nikalilaza juu ya taulo kavu na kulinyoosha kwa vipimo vyake. Usilianike kwenye kamba, uzito wa maji unalirefusha. Uzi wa akriliki usiguswe kabisa na pasi ya moto: nyuzi zinalainika na kulala, mbavu zinapoteza mvuto wake, na hazirudi.