Siku moja maishani mwangu: faili za mhasibu baada ya kuhamia domeni mpya

Saa 2:00 asubuhi
Mwishoni mwa wiki mafundi wa kampuni iliyotununua walizitoa kompyuta za tawi letu, hapa Dar es Salaam, kwenye domeni ya zamani, yaani mfumo wa mtandao wa ofisi unaosimamia akaunti za watumiaji wote, wakaziingiza kwenye ya kwao. Bado sijaketi, simu ya uhasibu inalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo. Kompyuta yangu haina kitu."

Saa 2:15
Kweli, haina kitu. Picha ya wajukuu wake haipo, Outlook inamuuliza yeye ni nani, na jedwali la VAT alilolijaza wiki nzima halionekani. Leo ni tarehe 18 na ritani inatakiwa TRA ifikapo tarehe 20. Mama ananiuliza kwa sauti ya chini kama zimefutika. Nafungua C:\Users na kumwonyesha folda mbili: moja ina jina lake tu, nyingine ina jina lake, nukta, kisha jina la domeni mpya. Ile ya kwanza ina zaidi ya GB 60. Kila kitu kimo humo.

Kinachowatisha watu wengi ni kwamba jina la kuingilia ni lilelile, kwa hiyo wanadhani Windows inawafahamu. Windows haimtambui mtu kwa jina. Inamtambua kwa SID, namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na namba hiyo hutolewa na domeni. Domeni ikibadilika, hata jina likibaki, kwa kompyuta huyo ni mtu mwingine kabisa, hivyo anatengenezewa profaili mpya tupu, yaani folda mpya ya faili na mipangilio yake.

Saa 3:00
Kijana wa mafunzo kwa vitendo amefungua orodha ya profaili kwenye mipangilio ya mfumo. Pale profaili ya mama inaonekana kama ya akaunti isiyojulikana, na kitufe cha kufuta kiko chini yake. Anataka kupunguza uchafu. Namwomba aondoe mkono kwenye kipanya. Kitufe kile hakiondoi jina kwenye orodha tu, kinafuta folda nzima na kila kilichomo. Naamini kazi nyingi za watu hupotea hapa, siyo wakati wa kuhama, na nimemweleza hivyo taratibu, kwa sababu kesho atakuwa mahali pengine peke yake.

Saa 3:30
Naiwasha upya kompyuta, naingia kwa akaunti ya msimamizi wa mashine yenyewe, nanakili folda yote kwenye diski ya nje. Inachukua muda. Meneja anapita mara mbili kuuliza kwa nini nisihamishe nyaraka tu kwenye folda mpya mambo yaishe. Nyaraka zingekwenda, namjibu, lakini mipangilio ya programu, printa zake na akaunti ya Outlook vimeandikwa kwenye NTUSER.DAT, na faili hiyo haihami kwa kuburutwa.

Saa 5:30
Kazi yenyewe. Kwanza naipa akaunti mpya ya mama ruhusa kamili juu ya folda ya zamani na vyote vilivyo ndani yake. Kisha nafungua rejistri, hifadhi ya mipangilio ya Windows, napakia NTUSER.DAT ya zamani chini ya HKEY_USERS, sehemu yake ya watumiaji, naipa akaunti ileile ruhusa humo pia, halafu naiondoa humo. UsrClass.dat, faili nyingine ya mipangilio ya mtumiaji, nayo vilevile. Wengi huishia kwenye ruhusa za folda, wakaruka rejistri, kisha wanashangaa mtumiaji anapopewa profaili ya muda, inayofutika akitoka. Mwisho naenda ProfileList, orodha ya profaili ndani ya rejistri, natafuta SID mpya, na kwenye ProfileImagePath naandika njia ya folda ya zamani.

Saa 7:00 mchana
Wali maharage kwa mama lishe, haraka haraka.

Saa 7:30
Mama anaingia. Wajukuu hao! Anafungua jedwali la VAT kabla hajasema lolote, anashuka hadi mstari wa mwisho, anahakiki jumla. Ipo.

Kuna kitu hakikurudi, na namwambia wazi: nywila alizokuwa amezihifadhi kwenye Chrome. Zimefungwa kwa funguo zinazotegemea akaunti ya zamani na nywila yake, na ruhusa za folda hazizifungui. Tunaomba upya nywila moja moja, tukianza na ya mfumo wa kodi. Jambo hili linaniuma, maana dakika chache za kuzihamisha kabla ya Ijumaa zingetosha.

Saa 9:00 alasiri
Mashine zilizobaki hapa tawini hazijaguswa na wenyewe, kwa hiyo natumia programu ya User Profile Wizard ya kampuni ya ForensIT. Inaunganisha profaili ya zamani na akaunti mpya bila kunakili faili. Zinakwenda moja baada ya nyingine.

Saa 11:00 jioni
Matawi mengine yanahamishwa wiki ijayo. Nawaandikia mafundi wa kampuni mpya masharti matatu: profaili zihamishwe siku ileile mashine inapobadilishwa domeni, kila mtumiaji azihamishe nje ya Chrome nywila zake kabla, na asifute mtu profaili yoyote isiyojulikana mpaka mwenye faili athibitishe kwa macho yake. Nakala ya mama inabaki kwenye diski ya nje, ndani ya kabati lenye kufuli, mpaka hesabu za mwezi zifungwe.